Kuchora skini ya Minecraft kwa simu: programu ya skini, ya kuchorea kawaida, au Blockbench?

mjomba_wa_tegeta
Wakuu habari za jioni. Mpwa wangu ana miaka 11, anataka mtu wake wa Minecraft (lile gemu la maboksi) avae kanzu na kofia kama yeye alivyovaa Idd. Kompyuta nyumbani hatuna. Kuna simu yangu ya Android, RAM GB 3, kioo kimepasuka kona ya chini. Wiki nzima nimejaribu njia tatu, mchana nikiwa kwenye mwendokasi na usiku dogo akiwa amenikalia begani. Naweka nilichokiona, mnisahihishe.

Njia ya kwanza ni programu ya skini zenyewe, yaani ile picha inayomvika mtu wa gemu ngozi na nguo. Mtu anakaa mbele yako mzima, unamzungusha kwa kidole na kumpaka rangi mwilini moja kwa moja. Dogo aliielewa kabla sijamaliza kunywa chai. Ila niliyoipakua mimi (jina naliacha) kila nikihifadhi inarusha tangazo la video. Faili la skini halifiki hata KB 10, bando linaliwa na matangazo.

Ya pili ni programu ya kuchorea pikseli, vile vyumba vidogo vya rangi vinavyojenga picha, nimetumia Pixel Studio. Unafungua ukurasa wa pikseli 64 kwa 64 na kujaza vyumba kimoja kimoja. Rangi unazitawala vizuri, leya (tabaka za picha zinazopandana) zipo. Tatizo skini imelala bapa, kama boksi la viatu ulilolichana ukalitandaza sakafuni. Nilipaka mkono nikakuta nimepaka mguu.

Ya tatu ni Blockbench. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, na ukichagua mradi wa skini ya Minecraft unapata ile bapa na mtu aliyesimama, vyote viwili. Kwa simu panabana sana. Nilipokea simu ya mtu, kurudi kivinjari kimeanza upya na kazi haipo. Hapo nalaumu RAM yangu.

Naegemea ya kwanza, ila kote tatu kuna kitu kinanishinda: mtu akitembea kanzu inapasuka katikati. Nani ana dawa?

fundi_pikseli
Mkuu, hilo la kanzu usibadilishie programu, utazunguka bure. Mtu wa Minecraft ni maboksi sita: kichwa, kiwiliwili, mikono miwili, miguu miwili. Miguu ikipishana, kanzu lazima iachane, iwe umeichora kwa simu au kwa kompyuta ya milioni.

Tunachofanya ni kudanganya jicho. Zile kuta za ndani za miguu, zinazotazamana, zipake rangi ileile ya kanzu. Wengi wanazisahau kwa sababu mtu akisimama hazionekani, basi akipiga hatua suruali ya buluu ya skini ya mwanzo inachungulia katikati ya kanzu nyeupe. Kisha chini acha mistari miwili ya pikseli kwa ajili ya kandambili na kipande cha mguu. Jicho likishaona ncha ya kanzu iko juu ya kandambili linakubali kwamba ile ni nguo moja.

Halafu usitumie nyeupe tupu. Mwanao ataonekana kama friji. Chukua nyeupe yenye umanjano kidogo kwa sehemu kubwa, nyeupe kabisa mabegani, na kijivu chenye ubuluu kwapani na pindoni. Rangi tatu zinatosha.

Kofia ndiyo raha yenyewe. Kichwa kina leya mbili, ya ndani na ya nje inayokaa juu yake kama ganda. Nywele chora ndani, kofia chora nje: juu pote, na pembeni mistari mitatu kushuka. Sasa kwenye hiyo mistari ya pembeni futa pikseli moja, acha moja, futa moja. Palipofutwa nywele nyeusi zitaonekana kwa ndani, na hapo umepata kofia ya vitobo ya mkono kabisa. Leya ya nje inaruhusu kutoboa. Ya ndani usiitoboe.

Kuhusu swali lako: anza na programu ya skini, malizia na ya pikseli. Blockbench naipenda kuliko zote, lakini kwenye simu ya inchi sita ni mateso.

binti_temeke
Mimi napingana kidogo na fundi hapo juu. Anayeanza na mtu wa kuzungusha hajui ramani ya ile skini bapa mpaka anazeeka. Mimi nilianza na bapa, siku mbili za kulia, baada ya hapo nikichora shati najua kabisa mstari wa kifuani unaendelea wapi mgongoni.

Mfano niliochora mwenyewe ni shuka la Kimasai. Kifua kina pikseli 8 kwa upana, ubavu 4, mgongo 8, ubavu mwingine 4. Jumla 24 kuzunguka mwili. Ukiweka mstari mweusi kila baada ya pikseli tatu nyekundu, yaani marudio ya nne, 24 inagawanyika na mistari inakutana vizuri bila kovu ubavuni. Nilipoanza niliweka marudio ya tano, upande mmoja shuka likawa limekatwa kama limeshonwa na mlevi. Kitenge chenye maua makubwa sahau, nafasi hamna. Uso mzima ni pikseli 64 tu, mjue tunachocheza nacho.

Jambo lingine ni mikono. Minecraft ina miili miwili ya kuchagua: wa Steve, mkono pikseli 4 kwa upana, na wa Alex, pikseli 3. Amua kabla hujaanza. Nilichora kwa vipimo vya Steve nikaingiza kama Alex, mikono ikavurugika, mstari wa pembeni umehamia nyuma.

Na kidole ni kinene kuliko pikseli. Vuta karibu mpaka chumba kimoja kiwe kama punje ya mahindi. Zile kalamu za ncha ya mpira zinazouzwa Kariakoo nilinunua, nazo ncha yake ni nene kama kidole changu tu.

kijana_wa_sinza
Samahani naingilia. Mimi nacheza Free Fire, ipi kati ya hizo tatu itanifaa?

fundi_pikseli
Hakuna hata moja dogo. Kule nguo wanatoa wenyewe, wewe unachagua tu. Anayekuambia atakuwekea skini uliyochora ndani ya Free Fire anakupa faili la gemu lililochezewa, na akaunti inafungwa. Kama unataka kuchora cha kwako nenda Minecraft au Roblox.

kijana_wa_sinza
Roblox inakuwaje?

binti_temeke
Ni ramani nyingine kabisa. Shati na suruali zile za kawaida zinachorwa kwenye karatasi ya pikseli 585 kwa 559, kwa hiyo hapo programu yoyote ya kuchorea inafaa, hata ibisPaint, maana nafasi ni kubwa na mikunjo ya kitambaa unaionyesha. Kuipandisha unalipa Robux 10 (pesa ya humo ndani ya Roblox), nao wanaikagua kwanza kabla haijavaliwa. Kwenye Minecraft ni bure, ukimaliza unavaa.

mzee_wa_bando
Nimesoma yote, hakuna aliyegusa pale watu wengi wanapokwama, nako ni kuhamisha faili. Mwanangu alichorewa skini na binamu yake wa Mbagala, ikatumwa WhatsApp kama picha. Kufika huku imekuwa JPG, picha iliyobanwa, rangi zimesambaa kama shati lililochuja kwenye beseni, na kila palipokuwa wazi pamejaa rangi. Tuma kama dokumenti, mkuu, ibaki PNG, aina ya faili inayotunza kila pikseli na palipo wazi. Wala usipige picha ya kioo ukadhani umehifadhi, vipimo vinakuwa vya simu yako na gemu itaikataa. Minecraft ya simu inataka 64 kwa 64, au 128 kwa 128 kwa wanaotaka kujitesa.

Kwa hiyo mimi kwenye ulinganisho wenu ningeuliza kwanza: programu inatoa PNG safi kwenye ghala la simu, au inataka niiweke kwao kwanza? Kama haitoi naifuta siku hiyohiyo, hata iwe nzuri namna gani.

mjomba_wa_tegeta
Ahsanteni sana. Jana nimefanya kama fundi alivyosema: dogo kapaka kwenye mtu wa kuzungusha, nimetoa PNG, nikafungulia Pixel Studio na kusafisha. Kuta za ndani za miguu zilikuwa buluu kweli! Tumeingiza kwenye Classic Skins, sehemu ya skini ndani ya Minecraft, ikauliza mkono mpana au mwembamba, tukachagua mpana. Kanzu bado inaachana akikimbia lakini haikeri tena. Kofia ya vitobo imetoka vizuri mpaka bibi yake kaomba simu aangalie.

Kimebaki kimoja. Rafiki yake wakicheza pamoja anamwona amevaa nguo za kawaida tu, kanzu haioni. Kwetu inaonekana.

mzee_wa_bando
Tatizo liko kwenye simu ya rafiki. Aingie mipangilio ya Minecraft, kuna kitufe cha Only Allow Trusted Skins. Kikiwa kimewashwa skini za kujichorea hazionyeshwi. Akizime, wakutane tena. Na awaulize wazazi kwanza, maana akikizima ataona na za watu wengine wote.

mjomba_wa_tegeta
Amezima, kanzu inaonekana. Sasa na yeye anataka ya kwake, ya jezi ya Yanga.

fundi_pikseli
Njano iwe na kivuli cha rangi ya haradali, sio nyeusi, la sivyo itaonekana chafu. Na namba ya mgongoni iwe ya tarakimu moja. Mbili zinaingia kwenye pikseli 8, lakini zinabanana, hazisomeki ukiwa mbali.