Mrejesho: chakula na fangasi zilizokuwa zikinirudia

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi wa Rajabu niliwauliza iwapo kuacha sukari na hamira kungeondoa fangasi za ukeni zilizonirudia mara tatu mfululizo, nanyi mkanisihi nikapime kwanza. Nashukuru kwamba niliwasikiliza.

Vipimo vilionyesha kuwa ni kandida kweli, yaani kuvu inayoleta fangasi hizo, lakini sukari ya damu nayo ilikuwa juu, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Daktari alinieleza kwamba kandida huishi mwilini mwa watu wengi bila madhara, na hustawi pale sukari inapozidi au antibayotiki zinapoua bakteria wanaoizuia, nami nilikuwa nimetoka kumaliza dozi mbili za antibayotiki za kikohozi nilizojinunulia mwenyewe dukani. Nilipewa dawa ya fangasi, na ndiyo iliyoziondoa, si chakula.

Hata hivyo nimebadilisha mlo kwa ajili ya sukari. Asubuhi, badala ya mahamri manne na chai ya vijiko vitatu, ninakula mbaazi kidogo kwa yai la kuchemsha na chai ya mkandaa isiyo na sukari; kaimati nimewaachia wageni, ingawa harufu ya iliki ikitoka jikoni kwa mama mkwe hunilazimu kwenda kukaa barazani. Hamira, kumbe, niliionea bure: ni kuvu ya jamii nyingine. Maziwa lala nayanywa kwa kuyapenda tu, kwani daktari hakuniahidi kwamba yanatibu.

Huu ni mwezi wa tatu fangasi hazijanirudia, na kipimo kingine cha sukari ni Jumatatu.