Kiti cha diwani ni cha nani: cha chama au cha waliompigia kura?

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: je, mpiga kura wa Tanzania apewe haki ya kumwondoa diwani au mbunge wake kabla ya miaka mitano kwisha? Jirani yangu wa hapa Tanga, mzee ninayemheshimu na tuliyesali naye msikiti mmoja miaka mingi, anasema haifai, kwa kuwa kura yenyewe ndiyo hukumu na asiyeridhika asubiri uchaguzi ujao. Mimi nasema apewe, na nimefika hapo kwa kuifikiria upya kura niliyoipiga Oktoba 25, 2015.

Nyumba yetu iko bondeni, na masika yakikolea maji huingia mpaka ndani. Yakishuka huacha ukutani mstari wa tope, kimo cha goti la mtu mzima, ambao hata chokaa haiufichi vizuri. Mgombea udiwani niliyempa kura alipopita nyumba kwa nyumba alivua viatu mlangoni, akaingia, akainama, akaweka kiganja juu ya mstari ule na kumwambia mama yangu, "Mama, mfereji utachimbwa, alama hii hutaiona tena." Mama alimwombea dua, nami nikaamua palepale. Sikumwuliza mfereji utapita wapi, fedha zitatoka fungu gani la halmashauri, wala atafanya nini baraza la madiwani likimkatalia. Kura yangu niliitoa kwa ajili ya kiganja kile.

Mwaka 2018 alijiuzulu, akahamia chama kingine, na kata ikaingia katika uchaguzi mdogo. Habari tuliipata kwa dereva wa bodaboda. Uhuru wa kuchagua chama ni wake na siugombei, lakini mtu aliyeingia ndani ya nyumba yangu kuomba kura alishindwa hata kusimama mbele ya watu wa kata yake dakika kumi akaeleza kwa nini anairudisha. Tangu siku hiyo mama hampokei mgombea yeyote ndani. Anawasikiliza wakiwa nje, barazani, na huwajibu kwa salamu tu.

Hayakuwa ya kata yetu peke yake. Februari 17, 2018 majimbo ya Kinondoni na Siha yalipiga kura upya baada ya Maulid Mtulia wa CUF na Dkt. Godwin Mollel wa CHADEMA kujiuzulu na kujiunga na CCM, na wote wawili wakarudi bungeni kwa tiketi ya chama kipya. Jirani yangu huuliza: wananchi si waliulizwa, wakajibu? Ni kweli, na jibu lao naliheshimu. Hata hivyo waliulizwa kwa sababu mbunge alipenda kuondoka. Wangetaka wao aondoke, naye akataka kubaki, hakuna ambaye angewauliza.

Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 71, inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Kwa hiyo mbunge anaweza kujiondoa mwenyewe, na chama kinaweza kumvua uanachama, ingawa suala la wabunge 19 wa Viti Maalumu waliofukuzwa na CHADEMA Novemba 2020, wakaendelea kukaa bungeni huku shauri likiwa mahakamani, limeonyesha kwamba chama nacho hakifanikiwi kila mara. Mpiga kura aliyepanga foleni tangu alfajiri, kitambulisho mkononi, hana hata njia ya kujaribu.

Pengo hili lilikwisha kuonekana. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, katika rasimu ya pili iliyokabidhiwa Desemba 2013, iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao, tena ikaweka ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa haohao wabunge na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, liliyafuta yote mawili katika Katiba Inayopendekezwa ya 2014. Nasema waziwazi kwamba jambo hilo lilinivunja moyo kuliko kuhama kwa diwani wangu, kwa sababu waliokuwa wakiamua walikuwa wakiamua juu ya viti vyao wenyewe.

Hofu kubwa ya jirani yangu ni kwamba aliyeshindwa uchaguzi, akiwa na fedha, atazunguka akinunua saini ili kiti kiwe wazi. Hofu hiyo ina uzito. Kenya waliiweka haki hii katika ibara ya 104 ya katiba yao ya 2010, na sheria ya uchaguzi ikamzuia aliyeshindwa asianzishe ombi, ikataka saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo, na ikakataza ombi katika miezi 24 ya mwanzo na 12 ya mwisho. Masharti yalikuwa mazito kiasi kwamba Mahakama Kuu ya huko ilibatilisha baadhi ya vifungu hivyo mwaka 2017.

Kuna jambo jingine lililonibadilisha msimamo. Mwaka 2017 ilianzishwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na kazi ya barabara za mitaa pamoja na mifereji yake ikatoka mikononi mwa halmashauri. Diwani wangu, hata angebaki na nia njema, asingekuwa tena na fungu la kuchimbia mfereji ule. Kumwondoa mtu kwa ahadi ambayo mamlaka yake yamehamishwa kungekuwa dhuluma. Ndiyo maana ningetaka haki hii iguse mwenendo peke yake: kutoitisha mikutano, kutohudhuria vikao, kuhama chama bila kurudi kwa waliokutuma.

Ninapokwama ni kwenye idadi. Kwa jimbo, asilimia 30 ni mlima. Kwa kata ndogo huenda ikawa watu ambao mtu mmoja mwenye duka la jumla anaweza kuwazungukia kwa wiki mbili. Je, saini zitolewe hadharani, katika mkutano wa mtaa, mbele ya diwani mwenyewe, au kwa siri kama kura? Jirani yangu anataka hadharani. Mimi naogopa kwamba hadharani wanyonge hawatatia saini kabisa.