Naomba ushauri: tufanyeje ili wachuuzi wa dagaa waendelee kuiongoza programu yetu?

Mjenzi wa Nyegezi ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Sisi ni watu watatu tunaofanyia kazi Nyegezi, hapa Mwanza, na kwa mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wachuuzi wa dagaa kuweka kumbukumbu za mzigo, mauzo na madeni. Kabla ya kuanza tulifanya utafiti ambao wakati ule tuliuona kuwa mkubwa: tulishinda majuma mawili kati ya soko la Mwaloni Kirumba na mwalo wa Igombe, tukajaza madodoso, tukaandika ripoti, kisha tukajifungia ofisini kwa miezi minane. Tulipotoka na kazi yetu, akina mama waliipokea kwa maneno mazuri na kuipakua, lakini baada ya siku chache wengi wao walirudi kwenye madaftari yao.

Juma lililopita nilikwenda Igombe peke yangu, bila dodoso, nikaomba ruhusa ya kuketi karibu na mama mmoja tangu mitumbwi ilipotia nanga alfajiri. Kwa saa tatu tu niliona mambo ambayo ripoti yetu haikuwa nayo hata kidogo. Programu inamtaka aandike kilo, ilhali yeye hununua dagaa wabichi kwa ndoo na kuwauza wakavu kwa gunia au kwa sado, kile kindoo cha kupimia, na tangu nilipofika hadi nilipoondoka sikumsikia akitaja kilo hata mara moja. Mikono yake ilikuwa imelowa na kujaa magamba, hivyo kila alipotaka kugusa simu ilimbidi aifute kwa khanga kwanza. Na simu yenyewe si yake peke yake, kwa kuwa binti yake huondoka nayo ifikapo saa nne.

Nilirudi nikiwa na huzuni, kwa sababu mambo haya yote yalikuwa wazi tangu mwanzo kwa yeyote ambaye angeketi na kutazama. Ninaamini sasa kwamba utafiti haupaswi kuwa mlango tunaoupita mara moja kabla ya kujenga. Mwenzangu mmoja anaona kwamba utafiti tulishaufanya, fedha zilizobaki ni za miezi michache, na kila safari ya mwaloni inachelewesha kazi. Simlaumu, lakini sikubaliani naye. Naomba mnishauri: watu watatu wasio na fedha nyingi wanawezaje kufanya utafiti usiokatika, waende lini, waulize nini, na yale wanayoyasikia yageukeje kuwa uamuzi?

Mama Chanja ameandika:

Mwanangu, mimi ninauza dagaa Kayenze na nimehojiwa mara nyingi, kwa hiyo nitakueleza upande wetu.

Jambo la kwanza ni kalenda. Ninyi mnahesabu majuma, sisi tunahesabu giza, yaani siku ambazo usiku hauna mwezi mkubwa, na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki kama inavyotakiwa, hivyo mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi kujaa. Mtafiti akija alfajiri wakati wa giza na maswali arobaini, ninamjibu haraka ili aondoke, maana mzigo ukichelewa kufika kwenye chanja nao utachelewa kukauka, na mvua ikinyesha dagaa huharibika na bei yake huanguka hadi ya chakula cha kuku. Ukitaka kuzungumza nami kwa utulivu, njoo wakati wa mbalamwezi. Ukitaka kuona kazi yenyewe, njoo wakati wa giza, ukae kimya, ikiwezekana ushike ndoo usaidie. Vyote viwili unavihitaji, kwa kuwa wakati wa mbalamwezi nitakusimulia ninachokikumbuka, na ninachokikumbuka si sawa daima na ninachokifanya.

Jambo la pili, usiniulize kama programu yako ni nzuri. Wewe ni mgeni wangu, umetoka mbali na umenisalimu vizuri; nikujibu kwamba ni mbaya? Niambie badala yake: «Mama, nionyeshe mara ya mwisho ulipomkopesha mtu mzigo uliandika wapi.» Hapo nitafungua daftari na utaona kila kitu, pamoja na alama ambazo ninazielewa mimi mwenyewe. Tena, njoo na mtu anayejua Kisukuma. Wapo wazee wetu ambao Kiswahili wanakijua vizuri, lakini wakianza kueleza deni lililowaumiza hurudi kwenye lugha yao, na ukienda Ukerewe utakuta Kikerewe.

Mtafiti wa Ziwani ameandika:

Ndugu Mjenzi, aliyosema Mama Chanja ni nusu ya jibu na pengine nusu iliyo kubwa. Mimi nitaongezea upande wa ofisini, maana kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa.

Hoja ya mwenzako inapata nguvu kwa sababu mnalichukulia neno utafiti kama mradi wenye mwanzo, mwisho na ripoti. Punguzeni ukubwa wake, muongeze mara zake. Watu watatu wanaweza kuzungumza na wachuuzi wawili kila juma kwa gharama ya nauli ya daladala na asubuhi moja, na baada ya miezi mitatu watakuwa wamekutana na watu zaidi ya ishirini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia programu, alionyesha kwa hesabu kwamba, ikiwa kila mtumiaji anayejaribu kifaa hufichua wastani wa asilimia 31 ya kasoro zake, watumiaji watano hufichua asilimia 85 hivi, na akashauri kurekebisha kasoro hizo kisha kujaribu tena na watu wengine. Angalieni lakini kwamba hesabu hiyo inahusu kujaribu kifaa, tena kwa kundi moja la watumiaji wanaofanana. Haikupi ruhusa ya kuuliza watu watano na kutangaza kwamba unajua soko lote. Mnunuzi wa ndoo pale Igombe na mwenye ghala la magunia pale Kirumba, anayeuza kwa wafanyabiashara kutoka Kongo, ni makundi mawili.

Kuhusu uamuzi, nina kanuni moja ninayoishikilia sana: msiende mwaloni kabla hamjaandika ni uamuzi gani uliosimama ukisubiri. Kwa mfano: «Juma hili tunaamua kama deni liandikwe kwa jina au kwa picha.» Mkirudi, kila mtu aandike alichokiona kabla hamjaanza kujadiliana, na mtenganishe alichofanya mama yule na maana mnayoipa ninyi. Hapa ndipo timu nyingi huharibu mambo, kwa sababu baada ya siku mbili maoni ya mtafiti hugeuka kuwa maneno ya mhojiwa, na hakuna anayekumbuka tena nani alisema nini. Pia yule mwenzenu anayeandika programu aende mwenyewe. Akimwona mama anafuta simu kwa khanga mara nne ili aweke namba moja, hamtahitaji kubishana naye ofisini.

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza nchini Kenya mwaka 2005 kwa lengo la kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Waliokuwa wakifuatilia majaribio waliona watu wakiitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007 kutuma fedha nyumbani ndiko kulikowekwa mbele, na mikopo ikaachwa kando. Wangeishia kwenye utafiti wa mwanzo, huenda wangeendelea kuboresha kitu ambacho watu hawakukihitaji sana.

Fundi Buzuruga ameandika:

Nakubaliana na yote, ila naomba kuongeza tahadhari. Si kila jambo linahitaji kupelekwa mwaloni. Programu ikizima ghafla au ikila bando bila sababu, rekebisha leo. Nendeni kuuliza pale ambapo ninyi wenyewe mnabishana, au pale ambapo mkikosea mtapoteza mwezi mzima wa kazi.

Wakili Kijana ameandika:

Kumbukeni kwamba madaftari yale yana majina ya wadaiwa ambao hawakuombwa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume husika na aeleze lengo la kukusanya. Msipige picha ukurasa wenye majina, na sauti mlizorekodi zifuteni mkishamaliza kuandika.

Mjenzi wa Nyegezi ameandika:

Nawashukuru nyote, na Mama Chanja shikamoo. Nina swali moja dogo: tunapaswa kumlipa mhojiwa?

Mama Chanja ameandika:

Marahaba mwanangu. Muda wangu ni mali, hivyo nilipe kiasi kidogo kinachofanana kwa wote, na unipe mwishoni, baada ya mazungumzo. Na usije kwangu kila mara. Ukimzoea mtu mmoja, au kila ukifika ukapelekwa kwa mwenyekiti wa kikundi, utajua mawazo ya mwenyekiti tu. Watafute hasa walioiacha programu yako.

Mjenzi wa Nyegezi ameandika (baada ya majuma matatu):

Ndugu zangu, narudi kutoa mrejesho. Tulikubaliana kwenda kila Alhamisi, wawili wawili kwa zamu, na mwenzangu aliyekuwa akipinga ndiye aliyekwenda kwanza. Uamuzi uliokuwa ukisubiri ulikuwa juu ya ukumbusho wa madeni, ambao tuliuweka ujitokeze siku 30 baada ya mkopo. Tuliwatafuta akina mama wanne walioiacha programu, na watatu kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, walituonyesha kwenye madaftari kwamba mkopo wa mzigo huhesabiwa kwa giza: mdaiwa hulipa giza likiisha, awe amekopa siku ya pili au siku ya kumi na tano. Ukumbusho wetu ulikuwa ukilia wakati deni limeshalipwa, au wakati mdaiwa hana kitu kwa sababu mitumbwi haijatoka. Mama mmoja alisema alizima sauti ya simu kwa sababu ilimtia aibu mbele ya mteja ambaye alikuwa ameshamlipa.

Tumeondoa siku 30 na kuweka kalenda ya mwezi, na kipimo cha kilo tumekibadilisha kuwa ndoo, gunia na sado, kila mtu akichagua anachokitumia. Alhamisi ijayo tunakwenda Kayenze kuwapa watano waijaribu, na suala la mikono iliyolowa bado hatujalipatia jawabu. Mama Chanja, kama mbalamwezi itakuwa imekupa nafasi, tungependa kuja kukusalimu.