Mrejesho: programu ya Rust iliyokuwa inagomea baiti zisizo UTF-8

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu yangu ya Rust (lugha ya kuandikia programu) inagoma katikati ya faili la zamani la Latin-1, usimbaji wa zamani ambao kila herufi ni baiti moja. Mliosema mchawi ni `lines()`, inayosoma faili mstari kwa mstari, mlipatia: inadai UTF-8 halali (usimbaji wa kisasa, ambao é huchukua baiti mbili), na ile é ya baiti moja, 0xE9, ndiyo iliyoikwamisha. Sasa nasoma kwa `read_until`, inayochukua baiti hadi mwisho wa mstari bila kujali usimbaji, na kubaki na `&[u8]` (baiti ghafi) mwanzo mwisho.

Nikapoteza nusu siku nyingine, mistari inarundikana! Kumbe `read_until` huongeza tu kwenye Vec (orodha ya baiti unayoipa ijaze), haifuti cha zamani. Kuiita `clear()` kwenye Vec hiyo kila mzunguko kukamaliza tatizo. Nafasi za pembeni naondoa kwa `trim_ascii`, ipo tangu toleo 1.80 la Rust. `from_utf8_lossy`, inayogeuza baiti kuwa maandishi, nimeiachia kuonyesha kwenye skrini tu, maana baiti mbovu inazigeuza U+FFFD (alama ya �) na huzipati tena.