Fosfo-ERK haitoki kwenye HeLa, ERK ya jumla iko poa. Mbovu ni antibodi au mimi?

chipukizi_wa_maabara
Wakuu habari zenu, hii wiki ya tatu nimekwama. Naangalia ERK (protini ya kupeleka ishara ndani ya seli, ikiwaka inabandikwa fosfeti, ndo fosfo-ERK) kwenye seli za HeLa (seli za saratani za binadamu zinazooteshwa maabara) kwa westani bloti (unatenganisha protini kwa ukubwa, unazihamishia kwenye memreni, unazitafuta kwa antibodi), nina antibodi mbili, moja ya sungura inashika ERK yote, nyingine monokloni ya panya inashika ile tu yenye fosfeti pale Thr202 na Tyr204 (threonini ya 202 na tairosini ya 204). Naanza na ya jumla, inatoka safi, mistari miwili, kilodaltoni 44 na 42, mpaka unatamani uitundike ukutani. Naistripu (naiosha antibodi ya kwanza itoke) naweka ya fosfo, hapo sasa ni kivuli tu, tena kiko sawa kwenye sahani yenye EGF (kichocheo kinachowasha ERK) na isiyo na EGF, na memreni yote imechafuka kama imemwagiwa chai. Seli nazinyima seramu masaa 4, EGF dakika 30, nablok (naziba sehemu tupu za memreni) na maziwa ya unga. Supavaiza anasema antibodi mbovu tuagize nyingine, ila mnajua wenyewe ukiagiza leo inakaa miezi na ikifika barafu ilishayeyuka zamani 😩

DadaPipeti
Pole mdogo wangu. Toa maziwa kwanza, yana kasini na kasini yenyewe ni protini yenye fosfeti, ndo maana antibodi nyingi za fosfo zinachafuka. Weka BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 5 kwenye TBST (bafa ya kuoshea memreni), antibodi ilaze usiku kucha nyuzi 4. Na nani kakufundisha kuanza na ya jumla? Ya fosfo ndo inatangulia, ukistripu unabandua na protini kidogo, sasa ile dhaifu unaiwekea mabaki.

mzee wa bloti
Dada kasema kweli ila maziwa hayaelezi kwa nini EGF haileti tofauti. Monokloni inatoka kwenye ukoo mmoja wa seli, inajua sehemu moja tu ya protini, tangu Köhler na Milstein waitengeneze 1975 sifa yake ndo hiyo na kero yake ndo hiyohiyo. Fosfeti ikishadondoka haina pa kushika, utailaumu bure. Dakika 30 umechelewa kijana, ERK inawaka dakika 5 mpaka 10 halafu inaanza kufifia. Masaa 4 pia kidogo, zilaze na njaa usiku kucha, na usibadilishe midia (maji ya kuoteshea seli) wakati unaweka EGF maana ukizishtua hata kontroli isiyo na EGF inawaka. Halafu niambie, bafa yako ya kuvunjia seli ina vanadeti, ile ya kuzuia fosfatesi (vimeng'enya vinavyobandua fosfeti)? Uliichemsha?

chipukizi_wa_maabara
Vanadeti ipo mzee, niliyeyusha ule unga nikarekebisha pH, ikatoka njano nzuri tu. Kuchemsha?? 😳

mzee wa bloti
😂😂 nilijua tu. Ikiwa njano molekuli zimeshikana, fosfatesi za tairosini haizizuii inavyotakiwa. Weka pH 10, chemsha mpaka iwe kama maji ya kunywa, ikipoa pima pH, ikiwa imehama rekebisha uchemshe tena, unarudia mpaka isigeuke rangi na pH itulie. Igawe kwenye vichupa vidogo friza. Ongeza sodiamu floraidi kwa ajili ya fosfatesi za serini na threonini. Sahani zikae juu ya barafu, PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) ya baridi, na muda ukishaanza kuhesabu usipokee simu ya mtu.

Sungura_Mweupe
Kabla hamjaitukana antibodi tafuteni U0126, inazuia MEK, kimeng'enya kinachoiwasha ERK. Weka kwenye sahani moja kabla ya EGF, mstari ukipotea ujue antibodi inaona kitu sahihi. Na nje ya mada kidogo, azaidi (dawa ya kuzuia bakteria) msiweke kwenye sekondari ya HRP (antibodi ya pili yenye kimeng'enya kinachotoa mwanga wa picha), inaua HRP, mimi nilipiga picha za memreni nyeupe mwezi mzima.

chipukizi_wa_maabara
Wakuu nimerudi. Vanadeti nilichemsha mara tatu ndo ikatulia. Dakika 5 mistari miwili mizito, dakika 30 imeshapungua, kontroli karibu tupu, U0126 niliyokopa maabara ya jirani imefuta yote. Antibodi ni ileile ya zamani. Supavaiza kaiangalia picha kimyaaa, kisha akauliza nimebakiza mikrolita ngapi.

DadaPipeti
Umebakiza ngapi?

chipukizi_wa_maabara
8 😭