Mrejesho: honi za Peugeot 504 ya mzee

Wadau, niliuliza ninunue honi gani za 504 ya mzee, maana za zamani zilikuwa zinakoroma tu. Nimechukua jozi ya konokono (honi zilizojikunja kama kombe la konokono) za volti 12, moja sauti nene, nyingine nyembamba, hapa Kondele, Kisumu. Za hewa nimeziachia matatu.

Aliyesema tupime umeme kwanza, asante sana. Kiungo cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Honi mpya ilipounganishwa hapo ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Fundi akaweka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo): waya mnene unatoka betri, unapitia fyuzi na rilei hiyo, hadi kwenye honi. Ule wa usukani sasa unaamsha rilei tu. Midomo tumeielekeza chini, maji ya mvua yasituame. Bodaboda wa Kibuye wanageuka kutafuta lori.