Mrejesho: Yule wa vikao vya usiku Kampala

Ndugu zangu, wakubwa shikamoni. Mwezi wa nne niliwauliza kama niache kazi: ni mhandisi wa programu kwenye ofisi ya Kampala ya kampuni ya Marekani, na vikao vyote vilifuata saa za California. Kwao saa nne asubuhi, kwetu saa mbili usiku. Novemba wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa tatu.

Sijaacha. Mmoja wenu alinishauri nisilalamikie usiku, niombe ofisi yetu ikabidhiwe mfumo wa malipo. Nikaandika kurasa mbili: kila hitilafu, ilianza saa ngapi, na nilimsubiri nani huko California aidhinishe marekebisho. Moja ilikaa saa sita kwa ajili ya mstari mmoja wa msimbo! Meneja alisoma kimya, kisha akauliza, "Mbona hukusema?" Sasa mfumo wa malipo tunausimamia na kuuidhinisha wenyewe hapa. Kikao cha usiku ni Jumanne tu.

Mshahara haujapanda, na hilo linaniuma. Ila jana nilishuka kwenye teksi Ntinda jua halijazama, binti yangu akanikimbilia getini na daftari lake la hesabu. Asanteni sana.